Pancha za Nyuma

Pancha ya tatu ilimpata Roseline Andati kwenye Barabara ya Kangundo, hatua chache tu baada ya kuiacha Barabara ya Outering, siku ya Jumanne saa tatu na robo asubuhi. Hakusikia mlio wowote. Alihisi baiskeli ikilegea chini yake, kisha ringi ya nyuma ikaanza kugonga lami. Akashuka. Tairi la mbele hakulitazama kabisa, alijua liko sawa. Alichotazama ni kisanduku cha buluu kilichofungwa kwenye karia kwa vipande viwili vya tyubu kuukuu.

Ndani ya kisanduku kile mlikuwa na chanjo ya surua na ya polio aliyoichukua asubuhi hiyo kutoka stoo ya dawa kule Pumwani. Mpira wa kifuniko ulikuwa umechakaa, baridi ikivuja, na barafu iliyotoka stoo ikiwa ngumu kama jiwe ilikuwa maji kabla ya saa tano. Humo ndani kulikuwa pia na kipimajoto kidogo ambacho hakikutakiwa kuzidi nyuzi nane. Kikizidi nane, chanjo inamwagwa. Sista Lorraine, muuguzi mkuu wa zahanati, alimwambia hivyo siku ya kwanza wala hakurudia, maana hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Roseline akaanza kusukuma. Alipoona kusukuma hakutoshi, akakimbia, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine ukishika kisanduku kisiyumbe. Wanaume waliokuwa wakisubiri vibarua kando ya barabara wakamcheka.

"Mathe, si upande! Ama ni baiskeli imekupanda?"

Alizidi kukimbia. Surua ilikuwa imeingia mitaani tangu Agosti. Wiki iliyopita watoto watatu walikuwa wametoka Komarock kupelekwa hospitali kubwa, na mmoja hakurudi.

Alifika zahanati saa nne na dakika ishirini. Ilikuwa zahanati ndogo ya kanisa, vyumba vitatu na baraza lenye mabenchi, na mabenchi yote yalikuwa yamejaa kina mama. Sista Lorraine alikifungua kisanduku, akakiinua kipimajoto karibu na dirisha.

"Saba," alisema. "Umeponea chupuchupu. Ni la nyuma tena?"

"La nyuma tena, Sista."

"Wewe waonaje? Maana mimi sielewi."

Roseline naye hakuelewa. Kazi ile ilikuwa imemjia mwezi wa sita. Kabla ya hapo alikuwa akipiga deki na kuwashika watoto wakidungwa sindano, na mwendesha baiskeli alikuwa Mwangangi, mtu wa miaka hamsini na kitu, aliyeifanya kazi hiyo miaka minne mpaka goti lake likakataa. Sista alimhamishia langoni akawa bawabu. Alipouliza ni nani mwingine anayejua kuendesha, Roseline alinyoosha mkono. Alijifunzia baiskeli ya babake kule Butere, mguu mmoja ukipitia chini ya mtaimbo wa katikati, kabla hajafikia kiti. Siku ya kumkabidhi, Mwangangi aliipangusa baiskeli kwa kitambaa toka usukani hadi karia, akasema tu, "Mama Phares, hii ina tabia zake. Ichunge." Kisha akachechemea kwenda langoni.

Jioni ile, Roseline alimweleza mumewe habari za pancha ya tatu. Willis Andati alikuwa karani wa reli, mtu wa kupenda mambo yaliyonyooka. Alikata tonge, akalishika mkononi bila kulila.

"Mara tatu, na zote nyuma?"

"Zote."

"Na la mbele?"

"Tangu nilipoichukua, hata mara moja."

"Hebu fikiria basi. Magurudumu mawili yanapita njia moja, moja likimfuata mwenzake. Msumari una macho? Unaliachia la mbele lipite halafu unalidunga la nyuma?" Akatikisa kichwa. "Rose, kuna mtu anakuchezea. Kuna mtu hapo kazini hataki ufanikiwe."

Roseline alicheka, akamwambia Phares, mtoto wao, amalize mboga. Lakini neno lile lilikuwa limemwingia. Alilala nalo, akaamka nalo. Baiskeli ililazwa zahanati, ndani ya kibanda kilicho karibu na lango, na funguo za kibanda zilikuwa kwa mtu mmoja.

Jumatatu iliyofuata, alipokuwa ameshaanza kutembea kurudi kwao Kayole, alikumbuka kuwa ameacha sweta. Akarudi. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi. Mwangangi alikuwa amechuchumaa kando ya baiskeli, goti bovu amelinyoosha upande, akilizungusha gurudumu la nyuma polepole sana. Mkononi alikuwa na kitu kinachong'aa. Alipomwona Roseline aliinuka kwa shida na kukitia kitu kile mfukoni.

"Mama Phares, umesahau nini?"

"Sweta."

"Ah. Sweta."

Wakatazamana. Roseline angeweza kumuuliza. Swali lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi, la maneno matatu tu. Lakini alichukua sweta lake, akaondoka haraka kama aliyekutwa akiiba yeye.

Kesho yake tairi liliisha upepo kwenye Barabara ya Juja, hata kabla hajaipita Eastleigh. Mwezi wa saba kulikuwa na maandamano pale, na madoa meusi ya matairi yaliyochomwa yalikuwa bado yameganda kwenye lami. Fundi wa kwanza aliyempata hakuwa na gundi. Wa pili alibandika kiraka, kikabanduka kabla ya kufika Outering. Akasukuma. Jua lilikuwa kali, na kila alipokigusa kisanduku alihisi, au alidhani anahisi, ujoto ukipenya mpaka kiganjani.

Alifika saa sita kasorobo. Kipimajoto kilisoma kumi na nne.

Sista Lorraine alizimwaga chupa zote kwenye sinki, moja baada ya nyingine, na Roseline akasimama kando akizisikiza. Dozi arobaini. Kisha Sista alitoka barazani kuwaambia kina mama warudi siku nyingine. Wengine walinung'unika, wengine wakaondoka kimya. Mmoja alibaki, mwanamke mwembamba aitwaye Kamene, mtoto kamfunga mgongoni. Alikuwa ametembea kutoka Njiru.

"Nirudi lini?"

"Alhamisi," Roseline alimjibu.

"Alhamisi niko kibaruani. Sijui nitapata ruhusa lini." Akamwinamia Roseline kidogo, akanong'ona, "Kwa jirani yangu kuna mtoto ana vipele. Tunachangia choo na maji. Nifanyeje?"

Kabla Roseline hajafungua kinywa, Sista alimwita.

Ofisini, Sista alifunga mlango. "Kamati ya kanisa itaniuliza, na mimi nakuuliza wewe. Pancha nne kwa muda wa wiki sita. Unapitia wapi?"

Hofu ya kazi, aibu ya dozi arobaini na sura ya Kamene vikamjia kwa pamoja. Akasema, "Sista, kuna mtu anaichezea baiskeli."

"Mtu gani?"

"Jana nilimkuta Mwangangi kwenye gurudumu la nyuma. Ana kitu cha chuma mkononi. Akakificha."

Mwangangi akaitwa. Alisimama mbele ya meza, kofia mkononi. Alipoelezwa alitoa mfukoni kijikoleo kidogo, kile cha kung'olea miiba, akakiweka mezani.

"Nilikuwa natoa vipande vya waya kwenye tairi," alisema.

"Viko wapi hivyo vipande?"

"Nimetupa. Nani huweka takataka?"

"Mbona hukumwambia mwenye kuendesha?"

Mwangangi akamtazama Roseline, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kukumbuka jina lake. "Nilidhani akiona mtu wa goti bovu anashikashika baiskeli, ataona namwonea kijicho. Na hivyo ndivyo alivyoona."

Sista Lorraine alisugua paji la uso. Nje, kina mama waliokuwa hawajaondoka walikuwa wameshanyamaza ili wasikie. "Acha funguo hapa," alisema mwishowe. "Kamati ikikaa tutakuita."

Mwangangi aliweka funguo kando ya koleo. Akavua koti la kazi, akalikunja vizuri, mikono ndani, akalilaza juu ya kiti. Kisha akapita barazani na shati lake lililotoboka kwenye kiwiko, akichechemea, watu wote wakimtazama. Kamati ilipokaa Jumapili, ilimwachisha kazi.

Siku zile Roseline alilala usingizi mzuri. Alhamisi ilipita salama, na Jumanne pia. Willis alimwambia, "Si nilikwambia?"

Kisha mvua za mwezi wa kumi zikaanza, zile mvua za mwaka wa tisini na saba ambazo hazikujua kukoma. Mitaro ya Kayole ilifurika, barabara zikawa tope, na Jumanne ya kwanza ya mvua tairi la nyuma likaisha upepo. Alhamisi likaisha tena. Mara zote mbili alibahatika kupata fundi karibu, na mara zote mbili aliwahi kufika. Hakumwambia Sista. Hakumwambia hata Willis. Alipoulizwa kwa nini amelowa hivyo, alisingizia mvua.

Lakini moyoni hakukukalika. Kama si Mwangangi, ni nani? Alianza kuwachunguza watu. Alimchunguza bawabu mpya, akamchunguza mwanamke wa kufua mashuka, akamchunguza hata mchuuzi wa ndizi nje ya lango. Alikuwa akiishikashika baiskeli kila baada ya dakika chache, akibonyeza tairi kwa kidole gumba. Mwishowe, Jumatatu jioni, aliomba ruhusa kwenda nayo nyumbani. Akaiingiza sebuleni, akaiegemeza nyuma ya kochi, akafunga mlango kwa komeo na kufuli. Willis alilazimika kupita upande upande kufika chumbani.

"Sasa hapa nani ataigusa?" Roseline alimwambia.

"Hakuna," Willis alisema. Kisha akauliza, "Kwani si yule mtu alishafukuzwa?"

Roseline aliinuka kukagua kufuli tena.

Asubuhi alitoka nayo mwenyewe mpaka Pumwani. Hakuiacha kwa mtu hata alipoingia stoo, aliingia nayo hadi mlangoni na kuitazama huku akitia sahihi. Alipokaribia Barabara ya Kangundo, katikati ya mvua, kiti kikazama chini yake.

Safari hii hakukimbia. Alisimama pale na maji yakimtiririka usoni, akiwa ameshika usukani. Hakuna mkono wa mtu. Tangu jana hakuna mkono wa mtu uliogusa baiskeli ile isipokuwa wake.

Kwenye pembe ya makutano na Outering kulikuwa na kibanda cha turubai cha fundi aliyeitwa Ndambuki. Roseline alikuwa amepita hapo mara nyingi bila kusimama, hata siku ile ya pancha ya tatu, kwa kuogopa kuchelewa. Ndambuki, mwanamume wa miaka thelathini hivi, mikono imekolea grisi, alimwona akija.

"Sasa, siste. Toka kwa mvua usiloe. Ni ya nyuma?"

Roseline akashtuka. "Umejuaje?"

"Sijajua. Nimetaja ile huja sana." Akaipindua baiskeli miguu juu, na huku akilichomoa tairi akaonyesha kwa kidevu mikebe miwili iliyokuwa juu ya kigogo. "Cheki hapo. Ule mmoja ni wa vitu nimetoa za mbele, ule mwingine za nyuma. Nilianza mwezi wa kwanza, nilibishana na jamaa fulani."

Mkebe wa magurudumu ya mbele ulikuwa na misumari na vigae vichache, vya kufunika sakafu yake tu. Mwingine ulikuwa umejaa mpaka katikati.

"Lakini yanapita njia moja," Roseline alisema. Sauti yake mwenyewe ilimjia kama ya Willis.

"Hapo ndipo watu hupotea." Ndambuki aliokota msumari, akaulaza kwenye udongo. "Msumari barabarani umelala hivi. La mbele likiupitia, linautikisa, unasimama. Saa hiyo la nyuma ndiyo hilo linafika, linaukuta umesimama. La mbele linakuamshia nyoka, la nyuma linaumwa." Akacheka kidogo, kisha akapiga karia kwa kiganja. "Na huu mzigo umekaa wapi? Nyuma. Wewe mwenyewe umekaa wapi? Nyuma. Na mnyororo unavuta gurudumu gani? Hiyo raba yote imeisha upande huo. Sasa ulitaka ya mbele ndiyo ipate pancha?"

Alipitisha kitambaa ndani ya tairi, kikanasa. Akachomoa kitu, akakiweka kwenye kiganja cha Roseline. Kilikuwa kipande cha waya, chembamba kama unywele, kifupi kuliko ukucha.

"Ya tairi lililochomwa," alisema. "Mpira unaungua, hizi zinabaki zimejaa kwa lami. Juja Road imejaa hizi. Na wakati wa mvua raba inalainika, inaingia kama sindano."

Kisha akalishika tairi karibu na macho, akilizungusha, akipapasa kwa kidole.

"Siste, nani alikuwa anakuchambulia hii tairi?"

"Kuchambua vipi?"

"Hapa kuna vitundu vingi vya zamani, vitu vimetolewa na ncha ya koleo. Mtu alikaa chini akatoa moja moja, na hakuna alipokwaruza raba. Ni kazi safi. Bila yeye ungekuwa unapata pancha kila siku." Akageuza. "Lakini hizi mpya hakuna ameshughulikia. Ona, moja, mbili... hii itakuangusha kesho, hii kesho kutwa. Ni mzee wako?"

"Hapana," Roseline alisema. "Si mume wangu."

Akakaa juu ya jiwe lililokuwa hapo, lenye tope, bila kuangalia. Aliliona koleo mezani. Aliliona koti lililokunjwa, mikono ndani. Ndambuki alimuuliza kama anaumwa, akatikisa kichwa. Ndipo alipokumbuka kisanduku, akasimama ghafla.

"Fanya haraka, ndugu yangu. Hiyo ni chanjo ya watoto."

Ndambuki hakuuliza zaidi. Alitoa vipande kumi na kimoja, akabandika kiraka, akajaza upepo mpaka jasho likamtoka, akamsukuma mgongoni kama wanavyosukumwa washindani wa baiskeli. Roseline aliendesha mvuani bila kuhisi miguu. Kipimajoto kilisoma sita.

Kamene alikuwa kwenye benchi la mwisho. Alikuwa amekosa kliniki zote tangu siku ile kwa sababu ya kibarua, na mtoto wa jirani yake alikuwa amelazwa, lakini wake alikuwa hana kipele hata kimoja. Roseline alimshika mtoto yule paja wakati sindano ikiingia. Mtoto alipiga kelele za kutoboa paa, na Roseline akaanza kulia pamoja naye, hata Kamene akamtazama kwa mshangao.

Baada ya kliniki aliingia ofisini akamwambia Sista Lorraine yote, pamoja na zile pancha mbili alizoficha. Sista alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Mimi ndiye niliyepeleka jina lake kwa kamati," alisema. "Wewe ulisema, mimi nikaandika. Nitawaandikia tena leo. Lakini kwake utatangulia wewe."

Mwangangi alikuwa amekwenda kwa jamaa zake wachongaji, kule Gikomba. Roseline alimkuta chini ya mabati, katikati ya twiga wa mbao na vumbi jekundu, akisugua kifaru kwa msasa. Alimwona akija, akaendelea kusugua.

"Baba Nzilani," Roseline alianza, akitumia jina la binti yake kama alivyokuwa akimwita zamani. Halafu maneno yote aliyokuwa ameyapanga njiani yakamtoroka. "Zilikuwa waya. Fundi amenionyesha. Ulikuwa unazitoa, na mimi nikasema wewe ndiye unayeziweka."

Msasa uliendelea. Alipomaliza upande mmoja, akamgeuza kifaru.

"Nimekuja kuomba msamaha. Na Sista anaandika barua urudi."

"Barua," Mwangangi alisema. Akapuliza vumbi. "Siku ile mimi nilipita barazani watu wakiniangalia. Kuna kina mama pale niliwaletea chanjo miaka minne, nawabebea watoto. Barua watasoma wao?"

"Hapana."

"Kwa hivyo wao watakufa wakijua mimi natoboa tairi za chanjo."

Safari hii Roseline alilitoa neno. "Alhamisi ni kliniki. Njoo usimame langoni tu. Nitasema mbele yao wote."

Mwangangi alipuliza vumbi tena, akaendelea kusugua.

Usiku wa Jumatano Roseline hakupata hata lepe la usingizi. Alhamisi alirudi kutoka Pumwani bila pancha, akafungua kisanduku, akatazama langoni. Hapakuwa na mtu. Saa nne, bado. Saa nne na nusu Sista akasema waanze. Roseline akapangusa mikono, akaenda kusimama mbele ya mabenchi hata hivyo, maana aliona akingoja tena hatasema kamwe. Aliwaambia kuwa Mwangangi hakutoboa tairi, kwamba yeye, Roseline Andati, alimsingizia bila kumuuliza, na kwamba dozi arobaini zilimwagwa kwa ajili ya waya za barabarani tu. Kina mama wakatazamana. Mmoja akafyonza, akasema kwa sauti, "Na mzee wa watu mvua hii yote amekula nini?"

Alipoinua macho, Mwangangi alikuwa amesimama nje ya lango na mwavuli uliovunjika ubavu. Hakujua amesimama pale tangu lini. Bawabu mpya alimfungulia.

Alirudi kazini Jumatatu, na yule mwingine akapewa zamu ya usiku. Lakini hakurudi kuigusa baiskeli. Alimpa Roseline koleo, akamwonyesha mara moja tu jinsi ya kulilaza ili lisikwaruze raba, na tangu siku hiyo akawa anamwita "madam" kama anavyowaita wageni. Roseline hakumlaumu. Kila jioni alichuchumaa kibandani na kulizungusha gurudumu la nyuma, kidole kikipapasa, huku Mwangangi akiwa ameketi langoni akisikiliza habari za mafuriko kwenye redio.

Jioni moja ya Desemba aliona amemaliza, akaanza kuinuka.

"Umeruka moja," Mwangangi alisema, macho yakiwa bado kwenye redio. "Pale karibu na valvu. Nimeisikia ikigonga kidole chako."

Roseline akarudi chini, akalirudisha gurudumu nyuma polepole. Kweli, kipande cha waya kilikuwapo.